Maandamano hayaombewi kibali

Wiki iliyopita akina mama watano wanaoanika na kuuza dagaa Mwaloni, Kirumba, walifika ofisini kwangu na barua iliyochapwa kwa uangalifu, yenye kichwa cha habari kisemacho: "YAH: OMBI LA KIBALI CHA KUFANYA MAANDAMANO YA AMANI". Walitaka kutembea kwa miguu hadi uwanja wa Furahisha kuilalamikia serikali kuhusu tozo ambazo, kwa maelezo yao, zinawamalizia mtaji. Nilichukua kalamu nyekundu, nikakata maneno "ombi la kibali cha", na juu yake nikaandika "taarifa ya". Nimefanya hivyo kwa barua nyingi mno katika miaka yangu ya uwakili hapa Mwanza, na sasa naona heri niliandike jambo hili mara moja, kwa kirefu, ili atakayekuja kesho nimpe asome kwanza.

Hakuna sheria ya Tanzania Bara inayomtaka raia aombe kibali cha polisi ili aandamane. Ilikuwepo zamani. Mwaka 1994, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila dhidi ya Mwanasheria Mkuu, Mahakama Kuu ya Dodoma chini ya Jaji Lugakingira ilitamka kwamba sharti la kibali linakwenda kinyume na Katiba, kwa sababu linaufanya uhuru wa kukutana, ambao Ibara ya 20 inampa kila mtu, utegemee utashi wa mtu mwingine. Baadaye sheria ikarekebishwa. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi, Sura ya 322 (natumia namba tulizozizoea), sasa kinamtaka mwitishaji atoe taarifa ya maandishi kwa ofisa msimamizi wa polisi wa eneo husika, si chini ya saa 48 kabla, akitaja mahali, muda na madhumuni. Akishaitoa anaweza kuendelea na mkusanyiko wake, isipokuwa apokee amri ya kumzuia. Vyama vya siasa navyo vina sharti la aina hiyohiyo katika sheria yao.

Nikieleza hivyo, watu hunijibu kwamba nabishania maneno, kwa sababu mwisho wa yote polisi wanaweza kukataa. Hapo ndipo uvumilivu wangu unapoisha, kwa sababu tofauti ya maneno haya mawili ndiyo inayoamua nani anadaiwa maelezo. Anayeomba kibali anakaa kusubiri, na ukimya wa polisi ni jibu tosha la kumzuia. Siku ikipita bila jibu, maandamano yamekufa na hakuna aliyewajibika kueleza chochote. Anayetoa taarifa hasubiri. Ukimya wa polisi ni ruhusa ya kuendelea, na wakitaka kuzuia ni lazima wao watoe amri, na amri hiyo iwe na msingi ambao sheria yenyewe imeutaja: kwamba mkusanyiko huo unaelekea kuvunja amani, kuhatarisha usalama wa umma, au kutumika kwa jambo lisilo halali. Kutoipenda mada ya maandamano si msingi. Kwamba waandamanaji wataisema serikali si msingi pia, maana hiyo ndiyo sababu ya watu wengi kuandamana popote duniani. Sasa mtu akiandika kwa mkono wake mwenyewe "naomba kibali", anakuwa amerudi kabla ya mwaka 1994 kwa hiari yake, na mimi nikisimama mahakamani kumtetea naanza kwa kuieleza barua ya mteja wangu mwenyewe.

Mama mwenye umri mkubwa kati ya wale watano hakukubaliana nami. "Wakili," alisema, "mtu ukienda kwa watu unabisha hodi. Tukiandika kwamba tunatoa taarifa tu, si wataona tumekwenda na kiburi?"

Nilimjibu kwamba hodi hupigwa mlangoni mwa mtu, na barabara ya kutoka Kirumba si nyumba ya polisi. Tena kutoa taarifa nako ni adabu. Mtu akiwa na harusi humwarifu mjumbe wa mtaa, ili ajue kwa nini kuna turubai na wageni na ngoma usiku, lakini hamwombi mjumbe ruhusa ya kuoza binti yake. Polisi wanaarifiwa ili wapange askari wa kuongoza magari, wajue msafara utapita njia ipi, na wawalinde waandamanaji dhidi ya wanaoweza kuwavamia. Aliitikia kwa kichwa, lakini niliona kwamba hakuridhika, na nitarudi kwenye shaka yake, kwa sababu ina uzito.

Mkanganyiko huu una chanzo kimoja ambacho nakielewa. Ukitaka kuhitimisha maandamano kwenye uwanja wa halmashauri, kama Furahisha, unahitaji ruhusa ya mwenye uwanja. Hicho ni kibali cha kutumia mali ya mtu, hakina uhusiano na kifungu cha 43. Watu huchanganya barua hizo mbili, kisha wanaongeza nakala kwa mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa, na mmojawapo akisema hapana wanadhani maandamano yamezuiwa. Chini ya kifungu hiki mwenye mamlaka ya kutoa amri ni ofisa wa polisi. Mpelekeeni OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, barua yenu na mhakikishe imepokelewa.

Vyombo vya habari navyo vimelikomaza kosa. Februari 2024 CHADEMA, wakiongozwa na Freeman Mbowe, waliandamana hapa Mwanza, na maandamano yale yalimalizika kwa amani polisi wakiwepo. Nilisikia kila mahali kwamba polisi "wameruhusu". Hawakuruhusu chochote, walipewa taarifa na hawakutoa amri ya kuzuia, wakafanya kazi yao ya kulinda msafara. Aliyezoea kusema kwamba siku ile waliruhusu, siku nyingine wakizuia hatauliza wamezuia kwa msingi gani.

Kosa la pili ni zito zaidi, nalo linashikiliwa na baadhi ya askari kama linavyoshikiliwa na raia: kwamba maandamano yakishapigwa marufuku, kila atakayeonekana barabarani anaweza kupigwa. Sheria ina ngazi. Kukaidi amri halali ya kutawanyika ni kosa, na mtu anakamatwa na kushtakiwa kwa kosa hilo. Mkusanyiko usio halali, chini ya Kanuni ya Adhabu, unahitaji watu watatu au zaidi wenye nia ya kutenda kosa, au wanaoenenda kwa namna inayowatia majirani hofu yenye msingi kwamba amani itavunjwa. Ghasia ni pale mkusanyiko huo unapoanza kweli kutekeleza lengo lake kwa kuvunja amani na kuutisha umma. Kifungu cha 77 cha Kanuni hiyo kinaeleza ilani ya kuwataka watu watawanyike, inayotolewa kwa jina la Rais na mmoja wa hawa: hakimu, polisi wa cheo cha inspekta au zaidi, au ofisa wa jeshi mwenye kamisheni, anapoona watu 12 au zaidi wakiwa katika ghasia au wakiikaribia. Ilani ikishatolewa, watu wapewe muda wa kutosha kuondoka. Nguvu inayofuata ni ile tu inayohitajika kuwatawanya, isiyopita kiasi, na Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 zinataka risasi za moto ziwe za mwisho kabisa, pale ambapo uhai wa mtu uko hatarini.

Mabomu ya machozi tunayataja kama moshi, lakini Septemba 2012, Nyololo mkoani Iringa, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa na bomu la machozi lililofyatuliwa karibu naye, na askari aliyehusika alikuja kupatikana na hatia ya kuua bila kukusudia. Februari 2018, Kinondoni, wakati polisi wakiwatawanya wafuasi wa chama cha siasa, risasi ilimuua mwanafunzi wa chuo aliyekuwa amekaa ndani ya daladala. Hakuwa mwandamanaji. Siwezi kuusikia msemo "walifyatua hewani" bila kulikumbuka lile daladala.

Nasema haya nikijua kwamba kazi ya askari siku hiyo ni ngumu. Nimewatetea askari pia. Kijana wa FFU, kikosi cha polisi cha kutuliza ghasia, aliyesimama juani tangu alfajiri, anayerushiwa mawe, asiyejua aliye nyuma ya umati ana nini mkononi, anaamua kwa sekunde chache jambo ambalo mimi nitalijadili kwa miezi nikiwa nimekaa kwenye kiti. Na sheria yenyewe imempungukia. Kifungu cha 43 kinamfikiria mwitishaji mmoja mwenye jina na anwani. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, maandamano yalizuka Dar es Salaam, hapa Mwanza na katika miji mingine, na wengi walitoka kwa kuitana kwa simu. Watu walipoteza maisha, na intaneti ikazimwa nchini. Kwa umati wa namna ile, nani alipaswa kutoa taarifa ya saa 48, na amri ya kuzuia angekabidhiwa nani? Nimekisoma kifungu mara nyingi tangu siku ile na sioni jibu ndani yake. Ninachokiona ni kwamba ngazi za nguvu hazitegemei taarifa kabisa: kukosekana kwa barua hakumfanyi mtu aliye barabarani kuwa mwenye ghasia.

Sasa nirudi kwa yule mama. Shaka yake ni kwamba neno "taarifa" litamletea shida kwenye kaunta ya polisi ambayo neno "ombi" lisingemletea, na sina ushahidi wa kumwambia kwamba amekosea. Amri ya kuzuia inaweza kuja jioni ya kuamkia siku yenyewe, ikiwa na mstari mmoja unaotaja "taarifa za kiintelijensia" ambazo hakuna atakayezionyesha. Rufaa inakwenda kwa Waziri ambaye polisi wako chini yake, na sheria inasema uamuzi wake ni wa mwisho. Kwa vitendo, basi, taarifa hugeuka kibali mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri mbele ya wateja. Bado nitaendelea kuandika "taarifa", kwa sababu amri mbaya iliyoandikwa naweza kuipeleka mbele ya jaji, na ukimya siwezi.

Tuliipeleka barua wote sita. Askari wa kaunta aligonga muhuri wenye tarehe bila saa, nami nikamwomba aandike na saa, kwa kuwa sheria inahesabu saa na si siku. Aliisoma barua yote kwanza, akamtazama yule mama, kisha akaandika pembeni mwa muhuri: saa nne na dakika kumi asubuhi, akasaini.