Majimaji ya puani baada ya kuumia kichwa

Mama mmoja aliyekuwa akimuuguza mwanawe, dereva wa bodaboda aliyeanguka kwenye barabara ya Moshi kwenda Himo, aliniambia asubuhi moja wodini: "Daktari, kichwa nashukuru kinaendelea vizuri, ila haya mafua ndiyo hayaishi." Nilimwomba kijana akae na kuinamisha kichwa mbele, na punde tone la maji maangavu likadondoka kutoka tundu moja tu la pua, kisha jingine. Kwenye foronya yake palikuwa na doa la damu lililozungukwa na duara la unyevu hafifu. Kamasi ikikauka hukakamaza kitambaa, lakini leso ya kijana huyu ilikuwa laini kama imetoka kufuliwa.

Tulishuku kuwa ni ugiligili wa ubongo na uti wa mgongo, yaani maji yanayovizunguka viungo hivyo. Mtu mzima ana takriban mililita 150 za ugiligili huo, na mwili hutengeneza karibu mililita 500 kila siku, kwa hiyo hofu yetu si kwamba utakwisha. Hofu ni kwamba ufa wa sakafu ya fuvu unaopitisha maji kwenda nje unaweza pia kupitisha bakteria kwenda ndani.

Wengi wetu tulizoea kuchovya kijiti cha kupimia sukari kwenye majimaji hayo, kwa kuwa ugiligili una sukari ya kiasi cha theluthi mbili ya ile ya damu, ilhali kamasi ina kidogo sana. Mimi sikiamini tena kipimo hicho. Machozi au damu kidogo iliyochanganyika hutosha kukipa jibu la uongo, na uambukizo ukishaanza bakteria hula sukari, kijiti kikasema hakuna kitu wakati hatari ndiyo imekomaa. Duara la kwenye foronya nalo hutokea damu ikichanganyika na maji mengine. Kipimo cha kuaminika ni protini iitwayo transferini beta-2, ambayo katika kamasi na machozi ya kawaida haionekani. Pale kisipopatikana, tunategemea picha ya CT, yaani eksirei ya kompyuta inayoonyesha kichwa tabaka kwa tabaka, na macho yetu wenyewe.

Iwapo mgonjwa atapata homa na shingo kukakamaa, dalili za homa ya uti wa mgongo, tunahitaji kuupima ugiligili wenyewe, lakini sindano ya mgongoni haichomwi kabla ya CT kuonyesha kwamba ubongo haujasukumwa na uvimbe au damu, kwani kupunguza maji chini ghafla kunaweza kuuvuta ubongo kuelekea kwenye tundu lililo chini ya fuvu. Damu ya kupima sukari ichukuliwe wakati uleule, maana sukari ya ugiligili ikisomwa peke yake haina maana. Baada ya jeraha, seli nyeupe na protini huongezeka hata pasipo uambukizo, kwa sababu damu yenyewe imemwagika humo. Kwa hesabu ya kawaida tunaruhusu seli nyeupe moja kwa kila seli nyekundu 500 hadi 1,000. Hapo laktati, kemikali inayoongezeka kwenye ugiligili bakteria wakiwemo, hunisaidia zaidi: ikizidi milimoli 4 kwa lita baada ya upasuaji wa ubongo, ninaanza antibiotiki bila kusubiri majibu ya kuotesha vijidudu. Sampuli ifikishwe maabara mara moja, kwa kuwa seli zilizomo huendelea kula sukari ndani ya chupa.

Matibabu ya uvujaji wenyewe ni ya subira. Kichwa cha kitanda huinuliwa nyuzi 30, mgonjwa hakatazwi kupiga chafya bali hufundishwa kuipiga akiwa ameachama, hapengi kamasi, na hupewa dawa ya kulainisha choo ili asijikamue. Mpira wa kulishia haupitishwi puani kabisa. Antibiotiki za kujikinga siziandiki, kwa sababu tafiti hazijathibitisha kwamba zinazuia homa ya uti wa mgongo, na ndugu wengi huniona mchoyo kwa hilo. Mara nyingi ufa hujiziba ndani ya siku chache. Usipojiziba tunatoa maji kwa mrija wa mgongoni au tunauziba kwa upasuaji.

Siku ya sita kijana aliinama tena mbele ya mama yake, tukasubiri dakika kadhaa, hakikudondoka kitu. Nilimwandikia chanjo ya nimonia na kumwomba mama amrudishe usiku huohuo iwapo homa itaanza, hata kama itakuwa imepita miezi.