Friji inapiga kelele na haipozi? Sikiliza kwanza kabla ya kujaza gesi

Mtu akiniambia friji yake inapiga kelele na haipozi, mara nyingi ameshaamua kwamba gesi imeisha. Gesi ya friji haiishi kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa, na ikipungua ujue kuna mahali inavuja. Kuijaza bila kutafuta tundu ni kutupa pesa. Tena friji iliyopungukiwa gesi kwa kawaida haiwi na kelele kali: kompresa, yaani mota inayosukuma gesi, hufanya kazi bila kupumzika, na barafu hushika kipande kidogo tu cha koili, yaani mabomba yaliyojikunja yanayopoza ndani.

Kwa hiyo mimi huanza na sikio. Fungua mlango wa friza. Kelele ikikatika papo hapo, kisha ikarudi ukibonyeza swichi ya mlango kwa kidole, hiyo ni feni ya ndani, nyuma ya ukuta wa plastiki. Kwenye friji zinazojiyeyushia barafu zenyewe, tatizo hili ni la kila siku. Ukiubandua ule ukuta unakuta koili imemezwa na barafu, na panga za feni zinaikwaruza: krr, krr, krr. Hewa baridi haina pa kupita, ndiyo maana friza bado inagandisha huku vyakula vya chini vinaharibika.

Chomoa waya wa umeme, acha milango wazi saa 24 barafu iyeyuke, tandika taulo sakafuni. Tafadhali usichokonoe kwa kisu! Unaweza kutoboa bomba, na friji nyingi za sasa zina gesi ya R600a, ambayo hushika moto. Kelele ikirudi baada ya siku kadhaa, fundi apime hita ya kuyeyushia barafu, kihisi chake na taima au bodi.

Kelele ya nyuma chini mara nyingi ni vumbi kwenye feni ya kondensa (mabomba yanayotoa joto nje), safisha. Ila ukisikia "tik", kimya, halafu "tik" tena baada ya dakika chache, kompresa inashindwa kuwaka. Usikubali haraka kununua kompresa mpya. Umeme ukiwa umechomolewa, fundi aitoe rilei, kifaa kidogo cha kuiwashia kompresa, na kuitikisa: vipande vikicheza ndani, imevunjika, na rilei ni kifaa cha bei ndogo. Apime pia volteji ya umeme.

Baada ya matengenezo, ipe friji siku nzima. Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji kwenye rafu ya kati. Kisome nyuzi 4 au chini kidogo, na friza ikaribie -18.