Mwaka mzima na miswada mezani

Mwaka 2024 niliuanza nikiandika kama tunavyoandika wengi tunaochambua siasa za Kenya: nani amekutana na nani, nani hakualikwa, na zile salamu za jukwaani zilikuwa na maana gani. Kufika Mei nikawa nimechoka. Msomaji wangu anawajua wanasiasa hao kuliko mimi. Amewapigia kura, ameketi nao matangani, amewasikia wakiahidi na kusahau. Asichokuwa nacho ni nafasi ya kukaa na mswada ulioandikwa kwa lugha ya mawakili na kuuliza kila kifungu kitamgusa wapi. Basi nikageuza kazi. Nikaanza kusoma karatasi kwanza, hotuba baadaye.

Jambo hili lilinikaa vizuri nikiwa dukani. Mswada wa Fedha wa 2024 ulilenga kuongeza mapato ya serikali kwa takriban shilingi bilioni 346, na mojawapo ya mapendekezo yake ni kutoza mkate ushuru wa ziada ya thamani, yaani VAT, wa asilimia 16. Mama mwenye duka mtaani kwetu Kisauni aliniuliza tofauti ya bidhaa ya “kiwango cha sifuri” na bidhaa “iliyosamehewa”, maana redioni maneno hayo yalitumika kana kwamba ni kitu kimoja. Nikachukua kalamu, nikamchorea nyuma ya katoni ya sabuni.

Zote mbili mnunuzi hatozwi VAT, ndiyo maana masikioni zinafanana. Tofauti iko kwa mwoka mikate. Bidhaa yake ikiwa kwenye kiwango cha sifuri, hurudishiwa VAT aliyoilipa kwa umeme, vifungashio na mahitaji mengine. Ikiwa imesamehewa, harudishiwi kitu, na mzigo huo huusukuma kwenye bei. Mkate ulikuwa kwenye sifuri, na mswada ulitaka kuutoa huko na kuupandisha hadi asilimia 16 kamili. Kwa mkate wa shilingi 65, hiyo ni nyongeza ya shilingi 10 na senti 40. Mama akautazama ule mchoro, kisha akasema: “Kwa hivyo mbunge akiniambia kitu kimesamehewa, bado nimuulize kimesamehewa vipi.” Sijapata sentensi bora kuliko hiyo mwaka huo wote.

Juni 18 ikatangazwa kwamba ushuru wa mkate na ule wa asilimia 2.5 kwa magari umeondolewa. Hasira haikupoa, kwa sababu kufikia hapo vijana walikuwa wameshausoma mswada wenyewe, wakautafsiri kwa lugha zao na kuusambaza kwa simu. Juni 25 Bunge la Taifa likaupitisha kwa kura 195 dhidi ya 106. Waandamanaji wakaingia bungeni, na vijana wakapigwa risasi. Kufikia Julai 1 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu vifo 39. Usiku wa Juni 25 nilikuwa na aya mbili tayari kuhusu hesabu ya kura. Nikazifuta. Kuna wazazi waliokuwa wakizunguka hospitali kuwatafuta watoto wao, na sikuona ningewaambia nini kwa hesabu ile.

Kesho yake Rais William Ruto akasema hatatia saini, nami nikaandika kwamba “Rais ameufuta mswada”. Nilikosea. Asubuhi nikapigiwa simu na mwalimu mstaafu anayenisoma tangu mwanzo: “Mwanangu, hebu rudi kwenye Kifungu cha 115 cha Katiba.” Nikarudi. Mswada ukishapita bungeni, Rais ana siku 14 za kutia saini au kuurudisha pamoja na sababu zake. Hana uwezo wa kuufuta. Ruto aliurudisha akipendekeza vifungu vyote viondolewe, na wabunge wangeweza kukataa pendekezo lake iwapo wangepata thuluthi mbili. Nilisahihisha siku hiyo hiyo. Kosa lile liliniuma kwa sababu neno “ameufuta” linamwambia raia kwamba kila kitu kinaamuliwa Ikulu, na mbunge aliyepiga kura ya ndiyo anaondoka bila kuulizwa.

Oktoba ikaja na somo la maneno. Tarehe 8 wabunge 281 waliunga mkono kuondolewa kwa Naibu wa Rais, Rigathi Gachagua, wakati zilihitajika kura 233. Tarehe 17 Seneti ikamkuta na hatia kwa mashtaka 5 kati ya 11. Swali nililoulizwa zaidi ni hili: matano hayafiki hata nusu, mbona ametoka? Jibu ni kwamba kila shtaka hupigiwa kura peke yake. Maseneta ni 67, thuluthi mbili ni 45, na shtaka moja tu likifikisha idadi hiyo, mtu ameondoka. Hayo sita mengine hayamrudishi.

Wakati huo wengi waliandika kwamba Gachagua “ameng’atuliwa”. Mimi nilikataa neno hilo na ninaendelea kulikataa. Kung’atuka tulilipata kwa Julius Nyerere, aliyelitoa kwenye Kizanaki na kulieneza alipoacha urais mwaka 1985. Ni kuondoka kwa hiari yako, ukiwa bado unaweza kukaa. Aliyetolewa kwa kura huku akipinga mahakamani hakung’atuka. Nilichagua “kubanduliwa”, kwa kuwa kinachobanduliwa kilikuwa kimeganda mahali, na mwingine ndiye anayetumia nguvu. Wahariri wawili watatu waliniona msumbufu. Lakini tukitumia neno moja kwa anayetoka mwenyewe na anayetolewa, tutakuja kukosa namna ya kumsifu yule wa kwanza.

Mwaka ulifungwa kimyakimya. Desemba 11 Rais alitia saini Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Kodi, ikaanza kutumika Desemba 27, watu wakiwa mashambani kwao kwa Krismasi. Baadhi ya yaliyokuwa kwenye mswada wa Juni yalirudi humo. Nilikesha siku mbili nikizilinganisha karatasi hizo mbili, kifungu kwa kifungu, na kusema kweli hiyo ndiyo kazi ninayojivunia kuliko zote nilizoandika mwaka huo, ingawa wakati ule hakuna aliyetaka kusikia habari za ushuru.

Sasa ninasubiri Taarifa ya Sera ya Bajeti, karatasi inayoonyesha mipango ya fedha ya serikali, ambayo kisheria Hazina ya Kitaifa huifikisha bungeni kabla ya Februari 15 kupita. Mswada wa Fedha hufuata kufikia Aprili 30. Mama wa dukani ameshaniuliza kama mkate umo. Nimemwambia nikiupata nitauchapisha ukurasa wenyewe nimpelekee, na ile katoni yenye mchoro bado ameiweka nyuma ya mizani.