Hiari ni nini, ikiwa kila tendo lina sababu yake?

Katika Kiswahili cha kila siku, kinyume cha hiari ni lazima. Nahodha wa Bagamoyo asiyetweka tanga asubuhi kwa kuwa bahari imechafuka kwa kusi, akiulizwa kwa nini hakutoka, atataja upepo, mawimbi na watoto wanaomtegemea. Na hapana msikilizaji atakayedhani kwamba kwa kutaja sababu hizo amekiri kuwa hakuamua mwenyewe. Lau angebaki pwani bila sababu yoyote, hapo ndipo tungeanza kumhofia.

Wanafalsafa wameliuliza jambo hili kwa upana zaidi. Chukulia kwamba kila tukio, maamuzi yetu yakiwamo, hutokana na matukio yaliyolitangulia kwa kufuata kanuni za maumbile. Fikra hiyo tunaweza kuiita usababisho. Je, ikiwa ni ya kweli, hiari husalia? Msimamo wa wanaojibu kwamba husalia ni upatanifu, na miongoni mwa watetezi wake wa kale ni Thomas Hobbes, aliyeandika mwaka 1651 kuwa uhuru ni kutokuwapo kwa vizuizi vya nje, na David Hume, aliyeurudia mjadala huo mwaka 1748 akiueleza uhuru kuwa ni uwezo wa kutenda au kutotenda kadiri nia inavyoamua.

Bagamoyo yenyewe ina mfano ulio mzito kuliko ya vitabuni. Katika karne ya 19 njia ya misafara kutoka bara iliishia hapa, na juu yake walipita wapagazi wa ujira, wengi wao Wanyamwezi, na pia watumwa waliofungwa minyororo. Hatua za wote zilikuwa na sababu. Mpagazi alisukumwa na haja ya vitambaa, na desturi, na hamu ya kuiona pwani. Mtumwa alisukumwa na mnyororo na kiboko. Tofauti ni kwamba sababu za mpagazi zilipita ndani ya fikra zake: alipima, akabishana juu ya ujira, na aliporidhika akajitwika mzigo, na asiporidhika aliweza kuutua na kutoroka. Kwa mtumwa, nguvu ya mwingine iliivuka nia yake kana kwamba haipo. Mtu akisema kwamba wote wawili hawakuwa huru kwa kuwa wote walisababishwa, amefuta tofauti ambayo mtumwa aliijua kwa maumivu ya shingo yake. Kwangu mimi, hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote za upatanifu.

Hata hivyo wapinzani wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Peter van Inwagen, katika kitabu chake cha mwaka 1983, aliipanga hivi: ikiwa matendo yetu ni matokeo ya mambo ya kale na kanuni za maumbile, na hatuna mamlaka juu ya hayo mawili, basi hatuna mamlaka hata juu ya matokeo yake. Mtetezi wa upatanifu hujibu kuwa mpagazi angeweza kubaki kwao, kwa maana kwamba angebaki kama angekuwa na sababu nzito zaidi, tuseme mama mgonjwa. Mpinzani haridhiki, kwani mama hakuwa mgonjwa siku ile.

Harry Frankfurt, mwaka 1971, aliongeza jambo linaloonekana wazi kwa yeyote aliyewahi kuishi na mraibu wa dawa za kulevya, yule ambaye mtaani huitwa teja. Hapana aliyemfunga, naye hufanya anachokitamani. Lakini tamaa hiyo yenyewe anaichukia na angependa isimwongoze. Kwa hiyo mnyororo unaweza kuwa ndani ya mtu, na hiari huhitaji kwamba tamaa inayomwendesha iwe ile anayotaka imwendeshe.

Usababisho usichanganywe na ile imani kwamba litakalokuwa litakuwa, mtu afanye asifanye. Nahodha anayesema chombo kikiandikiwa kuzama kitazama, kisha akatweka tanga bila kuitazama bahari, anaondoa uamuzi wake katika mfululizo wa sababu. Usababisho huuacha humo: chombo cha mwenzake kiko salama ufukweni kwa sababu mwenyewe aliutazama upepo, akafikiri, akaamua kubaki.