Udaktari Marekani kwa ombi moja: someni masharti kabla ya kusherehekea barua

Tangu sheria iliyosainiwa Marekani tarehe 4 Julai 2025 ibadilishe mikopo ya wanafunzi wa udaktari, simu za wazazi katika ofisi yetu ya ushauri wa udahili zimeongezeka. Wengi ni wa jamii zetu zinazozungumza Kiswahili: Watanzania, Wakenya, na hasa familia za Kikongo zilizopitia kambi za Nyarugusu na Kakuma. Wanauliza habari za ile programu ambayo mtoto anaomba mara moja tu akimaliza sekondari, anasoma shahada ya kwanza, kisha anaunganisha hadi udaktari bila kuomba tena. Ni swali zuri. Tatizo ni kwamba mara nyingi linatufikia likiwa limeshajibiwa vibaya kwenye kundi la WhatsApp.

Kwa aliyesoma nyumbani, mpango huu hauna ajabu. Tanzania kijana wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) anatoka kidato cha sita na kuingia MD, yaani shahada ya udaktari, moja kwa moja, miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa utarajali. Kenya shahada hiyo huitwa MBChB, nayo ni miaka sita. Marekani udaktari ni shahada ya pili: miaka minne ya chuo, mtihani wa MCAT wa kuingilia shule ya tiba, maombi mapya, halafu miaka minne ya shule ya tiba. Programu za pamoja huweka hatua hizo mbili chini ya uamuzi mmoja wa udahili. Programu ya Chuo Kikuu cha Brown, iitwayo PLME, ni miaka minane na haidai MCAT. Chuo Kikuu cha Missouri kilichoko Kansas City, ambacho shule yake ya tiba ilifunguliwa mwaka 1971, kina programu ya miaka sita. Chuo Kikuu cha Jiji la New York (CUNY) kina ya miaka saba. Kwa hiyo "ile programu" haipo. Zipo nyingi, na kila moja ina kanuni zake. Tunaulizwa pia alama za kuingilia za Marekani nzima ni ngapi. Hazipo, kwa sababu Marekani haina chombo kama TCU, tume ya vyuo vikuu ya Tanzania.

Na yeyote anayemaliza, kwa njia ya pamoja au ya kawaida, bado ana mafunzo ya ubingwa hospitalini ya miaka mitatu hadi saba mbele yake. Wazazi wanaopiga hesabu ya miaka sita "na mtoto anaanza kulipwa kama daktari" wapige upya.

Jambo la kwanza kuangalia ni hali ya ukaazi, kabla hata ya alama. Programu nyingi hupokea raia wa Marekani na wenye grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu) peke yao. Brown ni kati ya chache zinazopokea wanafunzi wa kimataifa. Hapa familia za wakimbizi hujichanganya sana. Mkimbizi mwenye I-94 (rekodi ya kuingia nchini) inayoonyesha hadhi hiyo anaruhusiwa kujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa fedha za masomo, na kupata msaada wa serikali kuu, kwa kanuni za sasa. Lakini hilo halimaanishi kwamba programu ya udaktari itampokea, kwa kuwa FAFSA ina kanuni zake na chuo kina zake. Tunaona kijana mwenye alama nzuri sana ambaye familia imekaa miaka bila kushughulikia grini kadi, akifungiwa mlango na sentensi moja kwenye ukurasa wa vigezo. Aliye na ombi la hifadhi ambalo halijaamuliwa, mwenye TPS (hifadhi ya muda) na mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 hawana haki ya mikopo ya serikali kuu kabisa. Ofisi yetu haitoi ushauri wa uhamiaji, kwa hilo muoneni mwanasheria, wala si jirani ambaye "alishapitia."

Tukija kwenye maombi yenyewe. Common App, fomu ya mtandaoni ya kuomba vyuo vingi, hufunguliwa 1 Agosti. Tarehe za mwisho za programu za pamoja nyingi ni Novemba na mwanzoni mwa Desemba, mapema kuliko za vyuo vya kawaida, na nyingi zina insha za ziada na usaili. Anayeomba PLME kwa utaratibu wa Early Decision wa Brown, yaani maombi ya mapema yenye ahadi ya kwenda ukipokelewa, lazima aelewe anachosaini. Hati ile husainiwa na mwanafunzi, mzazi na mshauri wa shule. Ikiwa Brown watampokea chuoni lakini wakamnyima PLME, bado amefungwa kwenda Brown. Hawezi kusema "mimi nilitaka udaktari tu, basi naenda kwingine." Njia inayokubalika ya kujitoa ni kuonyesha kwamba msaada wa fedha uliotolewa hautoshi, na hilo hufanywa kwa mazungumzo na ofisi ya misaada ya chuo, kwa maandishi, kabla ya kulipa amana ya kushikilia nafasi. Kukaa kimya na kulipa amana vyuo viwili ni ukiukaji, na vyuo vyote viwili vinaweza kufuta nafasi. Tunalirudia hili kila mwaka.

Sehemu ya shughuli kwenye Common App ina nafasi kumi, kila moja na herufi 150 za maelezo. Hapo ndipo vijana wetu wanajipunja. Kijana anajaza uanachama wa klabu tatu ambazo hakufanya chochote, halafu anaacha kuandika kwamba kila Jumamosi analea wadogo zake wanne mama akiwa zamu ya kiwandani. Malezi ni shughuli, na fomu ina kundi lake la majukumu ya familia. Kuhusu kumtafsiria bibi kwa daktari, liandikeni, lakini kwa uangalifu. Kanuni za serikali kuu zinazikataza hospitali kumtegemea mtoto mdogo kama mkalimani, isipokuwa kwa dharura. Kwa hiyo insha isiyopanda zaidi ya "nilijivunia kumsaidia bibi" inamwacha msomaji wa udahili na maswali. Andika ulichokishuhudia: neno ulilokosa, ulivyomwona bibi akiitikia "ndiyo" kwa kila swali ili asionekane msumbufu, na nani hatimaye alileta mkalimani wa simu. Picha za wagonjwa, hata za bibi mwenyewe akiwa kitandani, zisipandishwe Instagram.

Majina na tarehe. Familia nyingi zilizopitia kambini zina watoto waliosajiliwa 1 Januari. Ofisi za udahili zinalijua hilo, halimwangushi mtu. Kinachochelewesha ni jina kuwa moja kwenye I-94, jingine kwenye cheti cha shule, la tatu kwenye kadi ya Social Security. Tumieni jina la hati ya uhamiaji kila mahali, na muombeni mshauri wa shule aandike barua fupi ya kueleza tofauti. Msikate wala msibandike chochote kwenye cheti. Cheti kilichorekebishwa kwa mkono, hata kwa nia njema, hakitofautishwi na cheti cha kughushi.

Na kughushi kuna gharama. Anayeomba hutia saini kwamba kila alichoandika ni kweli. Saa za kujitolea zilizoongezwa, barua ya mapendekezo ya daktari aliyoiandika mwombaji mwenyewe, insha iliyonunuliwa: yakigundulika kabla ya masomo, nafasi inafutwa. Yakigundulika katikati, ni kufukuzwa. Yakigundulika baada ya kuhitimu, chuo kinaweza kunyang'anya shahada. Bodi za leseni za majimbo huuliza kuhusu nidhamu chuoni, hivyo rekodi hiyo humfuata mtu hadi kazini. Kuna mzazi huwa anatuuliza, kwani watajuaje? Huwa wanapiga simu kliniki.

Sasa barua imekuja, nyumba nzima inapiga vigelegele, pilau limeshawekwa jikoni. Someni ukurasa wa pili. Nafasi ya shule ya tiba katika programu hizi ni ahadi yenye masharti. Nyingi hudai GPA (wastani wa alama, kati ya 4.0) isiyoshuka chini ya kiwango fulani, mara nyingi karibu na 3.5, kwa masomo yote na kwa sayansi peke yake, na huhesabu kila muhula. Baadhi hudai MCAT yenye alama ya chini iliyowekwa, ingawa wakala alishasema "hakuna MCAT." Baadhi hazikubali somo la kemia lililochukuliwa kiangazi kwenye chuo cha jamii (community college), hata kama ni nafuu. Baadhi husema ukiomba shule nyingine yoyote ya tiba, umeiachia nafasi yako. Kosa la nidhamu la mwaka wa kwanza, kama pombe bwenini chini ya umri wa miaka 21, huripotiwa. Kabla ya kuanza shule ya tiba kuna ukaguzi wa rekodi za jinai, na shule nyingi hupima dawa za kulevya. Bangi kuruhusiwa na jimbo hakusaidii kitu. Kwa sheria ya serikali kuu bado ni marufuku, na shule hufuata hiyo.

Anayeshindwa masharti kwa kawaida habaki bila chuo. Anapoteza nafasi ya udaktari, anaendelea na shahada ya kwanza, na anaweza kuomba shule za tiba kwa njia ya kawaida, kwa MCAT na AMCAS, mfumo wa maombi ya shule za tiba. Madaktari wengi wa Marekani wamepita njia hiyo. Kwa hiyo msimwambie mtoto wa miaka 17 kwamba akikosa programu ya pamoja ameukosa udaktari.

Fedha. Kuanzia 1 Julai 2026 mikopo ya Grad PLUS, ya serikali kuu kwa wanaosoma baada ya shahada ya kwanza, imefungwa kwa wakopaji wapya, na mkopo wa serikali kuu kwa mwanafunzi wa udaktari una ukomo wa dola 50,000 kwa mwaka na dola 200,000 kwa jumla. Katika shule nyingi za tiba za binafsi, ada na maisha ya mwaka mmoja huvuka kiasi hicho kwa mbali. Pengo hujazwa na ufadhili wa shule yenyewe au mkopo wa benki, ambao mara nyingi hudai mdhamini mwenye rekodi nzuri ya madeni. Msaada mnono wa miaka ya chuo hauhami wenyewe kwenda shule ya tiba. Ulizeni kiasi cha kila hatua, na majibu yawe kwa maandishi. Mwanafunzi wa kimataifa aulize pia amana, kwa sababu baadhi ya shule za tiba hutaka ada ya miaka yote minne iwekwe kwenye akaunti maalumu kabla ya kuanza.

Hakuna wakala mwenye kiti cha kuuza, katika programu yoyote. Aliyekwisha kumlipa wakala atunze risiti na ujumbe wote wa simu, kisha atoe taarifa kwa ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo lake.

Mnaokuja kupata ushauri msimu huu, fikeni na nakala ya hati ya uhamiaji, matokeo yote ya sekondari, na ukurasa wa vigezo wa kila programu mnayoitaka, uliochapishwa kutoka tovuti ya chuo chenyewe. Mwanafunzi awepo. Mzazi akija peke yake, tutampangia siku nyingine.