Torenti ni halali, sasa kosa liko wapi?

Ukikutwa na kokoro ziwani, hakuna anayeuliza ulivua nini. Zana yenyewe ni marufuku. Ukiwa na wavu wa macho yanayoruhusiwa, wanaangalia samaki: sangara wa chini ya sentimita 50 ni kosa. Programu za torenti, zinazowawezesha watu kugawiana mafaili moja kwa moja kati ya kompyuta zao, ziko kundi la wavu.

Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani iligoma kuzizuia mashine za Sony za kurekodi video, kwa hoja kwamba zilikuwa na matumizi halali ya kutosha. Mwaka 2005, katika kesi ya Grokster, programu ya kugawiana mafaili, ikaongeza kwamba anayesambaza programu huku akihamasisha watu kukiuka hakimiliki naye anawajibika. Kuuza wavu sawa. Kuunadi kwamba unazoa sangara wachanga, hapo umejifunga.

Matumizi halali yapo tele. Mwanafunzi wa Nyegezi anayetaka Ubuntu, mfumo endeshi wa bure wa kompyuta, faili la GB 5 na ushee, anaweza kulipata kwa torenti kutoka kwa wenyewe. Umeme ukikatika njiani haanzi upya: faili limekatwa vipande, kila kimoja na alama yake ya uhakiki, na kipande kibovu hutupwa kikaombwa kingine. Ndivyo Bram Cohen alivyoibuni BitTorrent, mfumo unaoendesha torenti, mwaka 2001. Na ukiona imeganda kwenye asilimia 99, usilaumu mtandao haraka. Mara nyingi waliobaki hewani wote hawana kile kipande cha mwisho.

Sasa kosa. Wengi hudhani wanapakua tu. Filamu ya GB 1.4 yenye vipande vya MB 1 ni kama vipande 1,400, na ukishapata vichache tu, programu inaanza kuwagawia wengine bila kukuuliza. Kwa hiyo kama filamu ina mwenyewe na hajaruhusu, wewe si mpokeaji tu, ni msambazaji, na anwani yako ya IP, yaani namba ya muunganisho wako wa intaneti, inaonekana kwa kila mnayebadilishana naye. Tanzania hili linaangukia Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo inagusa hakimiliki. 

Kugawa huko ndiko pia kunakomaliza bando. Ukituma sawa na ulichopokea, filamu ile ya GB 1.4 imekula GB 2.8. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kasi, uweke kikomo cha kupakia (kutuma kwa wengine), tuseme kilobaiti 10 kwa sekunde. Usiweke sifuri: kwenye qBittorrent, mojawapo ya programu za torenti, sifuri maana yake ni "bila kikomo", na wengi wamelia hapo. Kikomo hiki kinaokoa bando. Mbele ya sheria kipande kimoja ulichogawa ni kipande ulichogawa.

Faili linalojiita filamu lakini linaishia na .exe, yaani ni programu na si filamu, lifute bila kulifungua. Na kazi ikiisha, kubofya alama ya kufunga dirisha mara nyingi hakuzimi programu kwenye Windows. Inajificha pembeni ya saa, chini kulia, ikiendelea kugawa. Bofya ikoni yake kwa kitufe cha kulia cha mausi, kisha chagua kutoka.