Magnesiamu ya nyumbani katika tangi la matumbawe

Wafugaji wa matumbawe wakitaja "magnesiamu ya nyumbani" wanazungumzia kuongeza magnesiamu kwenye tangi la maji ya bahari kwa kemikali ambayo haikufungashwa kwa ajili ya tangi. Mara nyingi ni moja kati ya mbili. Ya kwanza ni chumvi ya Epsom, ile haluli ya chumvi ambayo pia hutumika kulowekea miguu. Kikemia ni salfeti ya magnesiamu. Ya pili ni kloridi ya magnesiamu, inayouzwa kwa magunia kama chembe bapa za kuyeyushia barafu au kutuliza vumbi barabarani, na ikiwa safi zaidi, kama kigandisho cha maziwa ya soya.

Watu huzifuata kwa sababu ya bei, na pia kwa sababu chupa nyingi zenye lebo ya akwaria zina chumvi hizihizi zilizoyeyushwa kwenye maji. Ioni ya magnesiamu ni ileile, itoke wapi. Kinachotofautiana ni vitu vinavyoingia pamoja nayo, na humo ndimo mnatokea karibu matatizo yote.

Kazi yake majini

Maji ya bahari yenye gramu 35 za chumvi kwa kilo yana takriban miligramu 1,290 za magnesiamu kwa lita, kalsiamu kama 420, na alkali (uwezo wa maji kuhimili asidi) ya karibu 7 dKH, digrii zinazotumika kuipima. Kwa viwango hivyo maji yamebeba kalsiamu na kaboneti kupita uwezo wake. Yangekuwa yanafuata hesabu tu, sehemu kubwa ingejitenga ikawa chokaa. Kinachozuia ni magnesiamu: kila fuwele changa ya kaboneti ya kalsiamu inapoanza kujijenga, ioni za magnesiamu hujipachika kwenye uso wake na kuuvuruga, fuwele isiendelee kukua.

Magnesiamu ikipungua sana, kizuizi hicho hulegea. Dalili yake inajulikana: unaongeza kalsiamu na alkali kila siku lakini vipimo havipandi, huku ukoko mweupe ukitanda kwenye hita na ndani ya pampu, na mchanga ukianza kushikana. Anayeendelea kumimina kalsiamu hapo anatengeneza chokaa zaidi. Lengo la busara ni kati ya 1,250 na 1,350. Kupita 1,400 hakuna faida inayoonekana kwa matumbawe.

Kabla ya kufungua gunia

Pima kwanza kiwango cha chumvi cha maji ya tangi. Tangi lililoshuka hadi gramu 31 kwa kilo litaonyesha magnesiamu ya 1,140 hivi hata kama uwiano wa madini yake ni kamili, maana kila kitu kimepungua pamoja. Dawa yake ni kurudisha chumvi kwenye 35. Ukiongeza magnesiamu peke yake, siku chumvi itakapopanda utajikuta umepitiliza.

Kisha shaka kipimo chako. Vipimo vingi vya kudondosha hupima kalsiamu na magnesiamu kwa pamoja, halafu kalsiamu ikatolewa. Tone moja la ziada huweza kusogeza jibu kwa 30 au 50. Ukipata 1,210, rudia siku ya pili, na pima kwa kifaa hichohicho maji mapya ya chumvi ambayo kiwango chake unakifahamu. Tofauti ya 40 haistahili kuchochea dozi yoyote.

Salfeti au kloridi?

Fuwele za kawaida za chumvi ya Epsom zina maji saba katika kila molekuli, na magnesiamu ni asilimia 9.9 ya uzito wake. Kloridi ya magnesiamu ya kawaida ina maji sita, na magnesiamu yake ni asilimia 12. Kupandisha lita 100 za maji kwa miligramu 100 kwa lita kunahitaji gramu 10 za magnesiamu tupu, yaani gramu 101 za Epsom au gramu 84 za kloridi.

Mpaka hapo zinaonekana kama ndugu, mpaka uangalie mwenzi wa magnesiamu. Bahari ina salfeti kama miligramu 2,700 kwa lita na kloridi kama 19,350. Kila miligramu 100 za magnesiamu zinazotoka kwenye Epsom huja na karibu 395 za salfeti, ongezeko la asilimia 15 hivi ya salfeti yote iliyokuwemo. Kiasi kilekile kutoka kwenye kloridi huja na kloridi 292, ambayo ni asilimia 1.5 tu. Chukua tangi lililoporomoka hadi 1,000: ukilipandisha hadi 1,300 kwa Epsom peke yake, salfeti inaruka kwa zaidi ya asilimia 40. Viumbe havifi siku hiyo, lakini maji hayo hayafanani tena na ya bahari, na salfeti haina njia ya kutoka isipokuwa kwa kubadilisha maji. Mwenye kurudia mchezo huo kila mwezi anarundika.

Kwa hiyo Epsom peke yake inafaa marekebisho madogo ya mara moja, tuseme 50, katika tangi linalobadilishwa maji mara kwa mara. Kwa matumizi ya kudumu changanya zote mbili kwa uwiano unaolinda salfeti na kloridi kama zilivyo baharini. Hesabu inaangukia karibu sehemu nane za kloridi kwa sehemu moja ya Epsom, kwa uzito. Pima kwa mizani, usipime kwa kikombe: chembe bapa na fuwele ndogo hazijazi kikombe sawa. Na kloridi ya magnesiamu hunyonya unyevu wa hewani, hivyo gunia lililokaa wazi lina maji ambayo mizani itayahesabu kama chumvi.

Myeyusho wa akiba

Chukua gramu 400 za kloridi na gramu 50 za Epsom. Zimimine kwenye kama mililita 600 za maji yaliyoondolewa madini, koroga hadi ziishe, kisha jazia maji mpaka ufike lita moja kamili. Acha ukae usiku kucha. Ukiona mashapo chini, mimina sehemu iliyo angavu kwenye chupa ya plastiki na uache uchafu nyuma. Andika lebo, ni kimiminika kisicho na rangi, na mtu anaweza kudhani ni maji.

Kila mililita ya myeyusho huo ina takriban miligramu 53 za magnesiamu. Mililita 190 hupandisha lita 100 kwa 100.

Ujazo wa kutumia katika hesabu ni wa maji yaliyomo kweli, pamoja na yale ya tangi la chini la kuchujia, ukitoa nafasi iliyochukuliwa na mawe na mchanga. Tangi la lita 300 linaweza kuwa na maji lita 250 tu. Kulitoa 1,180 hadi 1,280 kunataka mililita 475. Zigawe kwa siku mbili, maana kupanda kwa 50 kwa siku ni mwendo salama na 100 ndiyo kikomo. Mimina taratibu panapopita mkondo mkali, mbali na matumbawe: myeyusho huu ni mzito kuliko maji ya tangi na huzama ukiwa mzimamzima, ukiangukia nyama laini unaiunguza. Dozi ya alkali isubiri muda wa saa moja au zaidi. Baada ya siku moja, pima tena. Ongezeko la 100 pia hupandisha chumvi kwa gramu 0.4 hivi kwa kilo, jambo dogo kwa mara moja, lakini kwa marekebisho makubwa toa maji kidogo ya tangi na ujazie yasiyo na chumvi.

Kosa moja la kawaida ni kutia kloridi ya kalsiamu kwenye chupa hii ili "kurahisisha". Kalsiamu ikikutana na salfeti kwa ukolezi huo hutoka jasi nyeupe, na chupa nzima hugeuka uji. Kalsiamu ikae kwenye chupa yake.

Tabia hiyohiyo inafaa kwa uchunguzi. Yeyusha kijiko cha chembe zako kwenye maji kidogo, changanya na myeyusho mzito wa Epsom. Kukitokea wingu zito jeupe, ulichonunua kina kalsiamu nyingi, na huenda ni kloridi ya kalsiamu kabisa. Chumvi hizo mbili hufanana sana machoni na zote huuzwa kwa kazi moja. Ishara nyingine ni joto. Kloridi ya kalsiamu kavu huchemsha maji hadi kushikika kwa shida, ilhali kloridi ya magnesiamu yenye maji yake sita huongeza joto kidogo tu.

Uchafu

Chumvi ya kuyeyushia barafu haikutengenezwa kwa kufikiria kamba wala matumbawe. Nyingine zimetiwa rangi, nyingine dawa ya kuzuia kutu, nyingine yurea. Zipo zinazobeba asetati ya kalsiamu na magnesiamu: asetati ni chakula cha bakteria, ambao huzaliana ghafla, maji yakawa kama maziwa na oksijeni ikashuka usiku. Tafuta gunia linalotaja kitu kimoja tu, kloridi ya magnesiamu ya asilimia 46 au 47. Asilimia hiyo haimaanishi kwamba nusu nyingine ni takataka. Ni yale maji sita ya molekuli. Kwa Epsom tafuta alama ya famasia kama USP au BP, na ukwepe kila pakiti yenye harufu, mafuta au rangi ya kuogea.

Lebo safi bado haitoshi, kwa sababu amonia imewahi kukutwa katika magunia ya kloridi yaliyoonekana hayana tatizo. Tia mililita 4 za myeyusho wako katika lita moja ya maji mapya ya chumvi, kiasi ambacho ni kama mara mbili ya dozi ya 100. Pima amonia humo, na pima pia maji yaleyale ambayo hukuyatia kitu. Ukiona tofauti ya rangi, gunia hilo libaki kazi ya barabarani. Fanya hivyo kwa kila gunia jipya, hata la chapa ileile.

Kloridi inayotoka Bahari ya Chumvi huwa na bromidi. Kwa wengi haidhuru. Mwenye mashine ya ozoni aiepuke, kwani ozoni hugeuza bromidi kuwa vioksidishaji vikali.

Vitu visivyofaa kabisa

Dawa za kiungulia ndizo huulizwa zaidi: maziwa ya magnesia, na vidonge vya oksaidi au kaboneti ya magnesiamu. Achana na ladha na vihifadhi vilivyomo. Hata ikiwa safi kabisa, haidroksaidi ya magnesiamu ni dawa ya alkali kwanza. Kupandisha magnesiamu kwa 100 kwa njia hiyo kungepandisha alkali kwa 23 dKH, na pH ingeruka nayo muda mrefu kabla hujafika. Kalsiamu yote ingetoka majini ikawa theluji ya chokaa. Vidonge vya lishe vya sitreti ya magnesiamu vina shida ya asetati: vinalisha bakteria.

Wapo pia wanaopandisha magnesiamu kwa makusudi hadi 1,600 na zaidi ili kuua mwani wa manyoya wa jenasi Bryopsis. Matokeo hayatabiriki, na baadhi ya konokono wa bahari hulegea na kuanguka kwenye vioo kabla mwani haujaguswa. Tusingeifanya kwa kemikali za nyumbani.

Ukizidisha kwa bahati mbaya, usikimbilie dawa nyingine. Hakuna kemikali ya kuongeza ili kuitoa magnesiamu. Kwenye 1,450 acha tu ishuke polepole. Juu zaidi, badilisha maji kwa chumvi ambayo magnesiamu yake umeipima.

Mara ngapi?

Mara chache kuliko wengi wanavyodhani. Matumbawe hujenga mifupa yao kwa kalsiamu hasa, na magnesiamu wanayochukua kwa kawaida haizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa kalsiamu hiyo. Mwani wa chokaa unaotanda juu ya mawe hula zaidi. Tangi linalotumia 1 dKH kwa siku, ambalo si tangi dogo la majaribio, linatumia kalsiamu kama miligramu 7 kwa lita na magnesiamu isiyofika 1. Likibadilishwa asilimia 10 ya maji kila wiki kwa maji mapya ya chumvi yenye magnesiamu 1,300, magnesiamu yake itashuka hadi kama 1,250 na kutulia hapo yenyewe, bila gunia lolote. Ikiwa yako inaporomoka kwa 50 kila wiki, tazama kwanza kipimo, kisha chumvi, kisha ule ukoko kwenye hita.